Kabureta Iliyoandikwa kwa Chaki

Alikuwa anakausha kipande cha kumi na tisa kwa mabaki ya kitambaa cha bitana alipogundua kwamba hana tena uhakika kama kweli ni cha kumi na tisa. Akakigeuza upande wa pili. Hakuna namba. Akachukua cha kumi na nane, alichokiweka pembeni dakika moja iliyopita. Nacho kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha mgeni, hakina alama yoyote. Akainamia beseni la mafuta ya taa, akaona utando mweupe umetuama chini, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya.

Namba zote alikuwa ameziandika kwa chaki.

Tena si chaki ya darasani. Ni ile bapa ya kushonea, ambayo mafundi cherehani huipenda kwa sababu moja tu: kazi ikiisha, inafutika bila kuacha doa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwasifia wateja wake chaki hiyo, na leo ilikuwa imemthibitishia kila neno.

Daftari lilikuwa pale pale juu ya boneti ya gari, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka. Namba saba inakaa nyuma ya namba sita. Namba kumi na mbili isiguswe kabla ya namba kumi na moja. Lilikuwa daftari zuri sana. Lilieleza kwa usahihi kabisa kabureta ambayo sasa haikuwepo duniani.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Jumamosi saa tatu asubuhi lingeletwa tangi la maji, na katika ua ule tangi lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa: pale gari lilipokuwa limesimama. Makubaliano na mke wake yalikuwa wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika, maana alipenda mambo yawe kwenye karatasi. Gari likiondoka pale kwa nguvu zake lenyewe kabla ya tangi kufika, litabaki la familia na litaegeshwa nje ubavuni mwa ukuta. Lisipoondoka, mnunuzi wa chuma chakavu atakuja saa mbili na msumeno wake.

Alilipata miaka miwili nyuma kwa karani mmoja mstaafu, likiwa limelala kwenye majani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Fedha hakuwa nazo, kwa hiyo walikubaliana suti tatu na kaptura za wajukuu. Siku lilipovutwa kwa kamba hadi nyumbani, alimwambia mkewe, "Magoti yako yamechoka kutembea, sasa ni zamu yako kupanda gari." Mke alishukuru. Tangu siku hiyo amekuwa akitoka bombani na ndoo kichwani, anapita kiubavu kati ya bampa na ukuta, na mara mbili kwa wiki mume wake huomba ndoo moja ili aoshe gari.

Kazi aliianza kwa kile alichokijua. Ndiyo maana lilikuwa gari bovu pekee mtaani lenye viti vya kitambaa cha suti, chenye mistari membamba, na kila kiti kina mfuko wa ndani. Alishona mapazia. Alishona turubai jepesi la kulifunika, akalipiga pindo mara mbili. Majirani walipoona limevishwa hivyo, limefunikwa gubigubi na halitoki nje, wakaliita Bibi Harusi. Yeye wakamwita Injinia. Mwanzoni jina lilimkera, baadaye akaona kwamba hana hoja ya kujitetea, akaanza kuitika.

Mke wake aliingia na ndoo, kiubavu, akamkuta ameketi juu ya kigoda mbele ya shuka lenye vyuma vidogo thelathini na moja.

"Mbona umekaa kama umefiwa?"

Akamweleza yote, kwa utaratibu, bila kuruka kitu. Mke alitua ndoo, akachungulia beseni.

"Yaani umeandika kwa chaki, halafu ukaosha."

"Nimeosha vizuri," akajibu, kwa sababu ndio ulikuwa ukweli.

Mke alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke, na kitasa kikabaki mkononi mwake. Akakitazama, akakiweka taratibu mwishoni mwa safu ya vyuma.

"Na hiki, Injinia, ni namba ngapi?"

Alipomaliza kufuta machozi alimuuliza kama amwite kaka yake. Kaka huyo alikuwa fundi wa magari, fundi wa kweli, mwenye gereji mtaa wa pili, na kwa miaka miwili Injinia alikuwa akimkwepa kwa adabu. Kila shemeji yake alipojitolea kusaidia, yeye alijibu kwamba bado kidogo. Hakutaka kusema kwamba amechoka kuwa mtu wa kupima wenzake tu. Alitaka kitu kimoja chake, akifanye mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Sasa alifikiri, akasema basi aitwe, lakini aje saa kumi.

Mke akaingia ndani. Injinia akabaki na vyuma vyake, na kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya lile ambalo mikono ilizoea: akainua kipande kimoja juani kama anayekagua kitambaa. Kulikuwa na duara jepesi juu yake, linalong'aa kuliko sehemu nyingine. Akatafuta kwenye shuka mpaka akapata kijipete cha ukubwa ule ule. Kikakaa kama kifungo kwenye tundu lake.

Akasogeza kigoda karibu. Ni mara ngapi ameletewa koti lililofumuliwa na mtu mwingine, vipande vimo mfukoni, na aliyefumua hapatikani? Koti la hivyo haliulizwi namba. Unatazama tundu za sindano, unatazama wapi rangi imepauka na wapi ilijificha ndani ya mshono, na lenyewe linakwambia lilivyokuwa. Chuma nacho kilikuwa na habari hizo hizo. Palipobanwa palikuwa peupe, palipoachwa wazi pameiva rangi ya chai. Hakufungua daftari tena. Alishona, kwa maana hakuwa na neno jingine la kazi ile, na kufikia saa kumi kabureta ilikuwa imesimama nzima mkononi. Kilibaki kitu kimoja tu, kijispringi chembamba ambacho hakikutaka kuingia popote.

Shemeji alifika amebeba betri begani. Aliipokea kabureta, akaigeuza huku na huku. Akafungua skrubu mbili, akapindua kipande kimoja kilichokuwa kichwa chini, akafunga.

"Nani amekufundisha?"

"Makoti," akasema Injinia, kisha akamwonyesha kijispringi na kukiri kwamba hicho kimemshinda.

Shemeji alikisogeza karibu na macho. "Shemeji, hii ni ya kalamu."

Injinia akafungua daftari. Namba thelathini na moja: springi ndogo, kazi yake haijajulikana, itunzwe sana. Mke, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani haraka na kufunga mlango, lakini kicheko chake kilisikika hadi barabarani.

Walifunga kabureta, wakaunganisha betri, wakafungua geti. Injinia akaketi kwenye kiti alichokishona mwenyewe, akageuza ufunguo. Gari likakohoa. Mara ya tatu likatoa moshi mweusi. Mara ya sita likashika, likatetemeka mwili mzima, mapazia yakacheza. Aliachia klachi polepole kama mtu anayeachia mkono wa mtoto, na Bibi Harusi akasogea. Hatua moja, mbili, tano. Pua ikatoka getini. Kisha gurudumu la nyuma la kulia likang'ang'ana, likakataa kuzunguka, injini ikazima, na gari likabaki nusu nje, nusu ndani, limeziba geti lote.

Mke alisimama penye udongo mkavu uliokuwa chini ya gari miaka miwili. Akaupima kwa nyayo, urefu na upana. Tangi lingeenea.

"Limeondoka pale," mumewe akasema kwa sauti ndogo, kichwa nje ya dirisha.

"Limeondoka. Tangi litapita wapi?"

Mke aliutazama mkia wa gari, akatazama geti, kisha akamwomba simu kaka yake, aliyekuwa ng'ambo ya pili, akaipokea juu ya paa la gari, akampigia mnunuzi wa chuma chakavu. Akamwambia asije.

"Ndoo nimezibeba mimi kulizunguka," akasema baada ya kukata simu. "Simpi mtu mwingine gari hili siku ile ile lilipoanza kutembea. Lakini saa tatu geti hili liwe wazi."

Shemeji akaahidi kuja saa kumi na mbili asubuhi na jeki kubwa. Jua lilikuwa linazama. Injinia alichuchumaa penye gurudumu lililokwama ili alifungue, spana mkononi. Nati ya kwanza ilifunguka, ya pili ikalia kidogo ikafunguka. Ya tatu na ya nne zilikataa kabisa. Alizipaka mafuta, akayaacha yaingie taratibu mpaka kesho.