Mkwe Aliyelinda Maji ya Kalwefu

Goodson alikuwa mlinzi hodari mpaka alipomwona mama mkwe wake akija. Hapo alitupa fimbo, akageuza uso, akatimua mbio kuingia kwenye majani marefu, na koti lake jipya la serikali likabaki limenaswa kwenye mwiba. Olipa, mama mkwe huyo, alipita langoni na kapu la muhogo kichwani, macho chini kama adabu inavyotaka. Wanawake wenzake wakapita nyuma yake wakicheka hadi kushika mbavu.

Nasimulia mimi, Léonie, mchuuzi wa unga. Ng'ambo ya ziwa, huko Zaire, naitwa Ngalula kwa amri ya serikali, iliyopiga marufuku majina yetu ya ubatizo. Huku upande wa Nchelenge naitwa Léonie kwa ukaidi wangu. Miaka ile nilinunua unga kwa Olipa, pale Kabuta, nikauvusha hadi kambi za wavuvi kisiwani Chisenga na kurudi na samaki. Kwa hiyo aliyeniambia kwamba maji ya Kalwefu, anakoloweka muhogo Olipa, hayanihusu, nilimjibu vibaya, na leo ningemjibu vibaya zaidi.

Kwanza niwaeleze kwa nini Goodson alikimbia. Kwa watu wa pale, mwanamume aliyeoa hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, hasemi naye, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeacha njia. Inakuwa hivyo mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompikia karamu ya kumwingiza ukoo, amlishe kwa mkono wake, na aibu iishe. Goodson alikuwa amemwoa Ennie, binti wa Olipa, na karamu hiyo ilikuwa haijapikwa. Ofisi ya serikali ilimpa kazi ya kulinda lango la Kalwefu bila kuuliza ameoa kwa nani.

Kalwefu si maporomoko makubwa. Kijito kinatoka vilimani mashariki, kinafika ukingo wa mwamba na kuanguka kimo cha mchikichi. Chini yake mwamba una mashimo ya duara, kama vyungu vilivyozikwa hadi shingoni. Kiangazi, vijito vyote vya upande ule vikikauka, hicho hakikauki. Muhogo wa pale ni mchungu, wa kuua mtu; lazima ulowekwe mpaka ulainike, ndipo ukaushwe na kutwangwa. Ziwani hakuna mwenye akili anayeloweka kitu, maana kuna mamba, na mawimbi hayana adabu. Bila mashimo ya Kalwefu, kiangazi hakuna unga Kabuta. Hakuna kabisa, wala hakuna wa kuazima.

Kila shimo lina jina la mwanamke. La Olipa linaitwa Kabwe, jina la bibi yake, na binti hurithi kwa mama. Nyuma ya pazia la maji wazee walikuwa wakiweka unga mweupe kwa ajili ya mizimu. Siku hizi wanasali Jumapili kama mimi, lakini bado hakuna anayepiga kelele mahali pale. Na wakati wa vita ya Katanga, tulipovuka ziwa na watoto mgongoni bila hata sufuria, unga tuliopewa ulitoka katika mashimo hayo. Mimi niliula. Sitaki mtu aniambie habari za Kalwefu.

Bwana Nkonde alitaka kuniambia. Huyu ndiye ofisa aliyetumwa kuyahifadhi maporomoko, kijana msafi, mwenye soksi ndefu, mzaliwa wa huko Kawambwa. Sitamsingizia: aliyapenda. Alinichukua siku moja akanionyesha jinsi mawe madogo yanavyozungushwa na mafuriko ndani ya mwamba, miaka elfu kwa elfu, mpaka yachimbe shimo la duara. Alijua majina ya ndege na ya kuvu. Alichokuwa hajajiuliza ni nani aliyeyatoa yale mawe ili shimo lipate kutumika. Alitaka Kalwefu ibaki kama Mungu alivyoiumba, watalii wa mijini waje kupiga picha, na alisema muhogo unaovunda unanuka. Ni kweli unanuka. Sasa tufe kwa njaa tukiwa na harufu nzuri?

Akajenga uzio, akaweka lango la mti mmoja mnene uliokingamishwa njiani, lenye kufuli, akampa Goodson koti, fimbo na shoka la kufyekea njia. Mchana lango lilifunguliwa kwa wageni. Wanawake wa muhogo walikatazwa.

Ndipo Olipa alipoanza kutangulia. Kila alipokwenda, Goodson aliruka majanini, na kiangazi kikaendelea hivyo, unga ukapatikana, mimi nikavusha mizigo yangu nikiimba. Mpaka Bwana Nkonde alipokuja bila taarifa akamkuta mlinzi wake amejificha nyuma ya kichuguu, na wanawake kumi na kitu wakiwa ndani ya maji hadi magotini.

Hakupiga kelele. Alikuwa mtoto wa pande zile, alielewa mara moja. Jioni ile alikwenda nyumbani kwa Olipa na majogoo wawili mkononi. Nilikuwepo. Walisema Kibemba; maneno yao nayaandika kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo, maana ndivyo yanavyonijia mdomoni.

"Mama Olipa," alisema, "ile mutoto iko na kazi ya serikali. Umuingize sasa, akuwe mutu muzima. Bajogoo njo hawa, mi mwenyewe nimebeba."

"Kuingiza mukwe haiko kazi ya biro," Olipa akamjibu; biro ndiyo ofisi.

"Kama hapana, nitamufukuza na nitaleta mulinzi wa mbali. Mwenye haiko mukwe ya mutu hapa."

Akaacha majogoo wake wamefungwa miguu, akaenda zake. Kabla sijasema neno, Ennie akatoka jikoni na tumbo lake la miezi ya mwisho, akaanguka kwenye mkeka akilia.

"Mama, banamuke benzangu, babwana yabo bote balisha kuingizwa. Ya miye anaruka mu majani sawa panya. Bantu banamucheka. Mutoto yangu azaliwe baba yake hawezi kuingia mu nyumba yako? Sababu ya shimo ya mayi tu?"

Olipa alikuwa mwanamke mkavu, hakuwa na maneno mengi, na kwa binti yule hakuwa na ngao. Akasema karamu itapikwa Jumamosi.

Niliwaka. Nilimfuata nje, nikamshika mkono.

"Olipa, banakuroga? Ukimuingiza, siku yenye kufuata atakusimamia ku mulango na fimbo! Ile haya yake njo ilikuwa silaha yako yote!"

"Nyamaza, Léonie. Uniletee chumvi na mafuta."

"Na unga itatoka wapi kiangazi yote? Mi nitavusha nini? Michanga?"

"Chumvi na mafuta," akarudia, akaingia ndani.

Nilileta chumvi na mafuta, kwa hasira. Jumamosi wanawake walipika kana kwamba ni Pasaka: majogoo wa Nkonde, samaki wa kukaanga, samaki wa kukausha, maboga, mboga za majani zenye karanga, na mlima wa bukari, ule ugali wetu mweupe wa muhogo. Wakaziba vyungu kwa vitambaa, wakabeba kwa nyimbo. Goodson aliketi juu ya mkeka, kichwa kati ya magoti. Olipa akapiga magoti mbele yake, akafunua chungu kimoja kimoja, akamega, akamtia kinywani. Kijana alikuwa akitokwa na machozi na mafuta kwa pamoja. Bwana Nkonde alialikwa, akala sana, akapiga makofi. Alimtazama Goodson kama mtu anayetazama uzio uliokamilika.

Mimi sikula. Nilikaa kando na kusonya, na Olipa aliniona, wala hakunijali.

Jumatatu asubuhi alijitwika kapu lake. Wanawake walisita, kisha wakamfuata, na mimi nikafuata kwa sababu sikuwa na adabu ya kubaki. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mbele yake alisimama Goodson na koti lake, fimbo wima, na kando yake Bwana Nkonde mwenyewe, funguo kidoleni, akitabasamu. Olipa alikuja moja kwa moja. Goodson hakukimbia. Alimtazama usoni, na yeye akamtazama.

"Umeona, mama," Bwana Nkonde akasema kwa upole. "Sasa anaweza kukuambia yeye mwenyewe. Goodson, umuambie."

Goodson alifungua kinywa, lakini Olipa alimtangulia.

"Goodson," akaita.

Hakuwahi kulitamka jina lile mbele ya mwenye nalo. Kijana alishtuka mwili mzima.

"Mama."

"Shoka iko wapi?"

"Iko mu kibanda, mama."

"Ulete. Kata hii muti."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyosonya. Bwana Nkonde alikuwa amehesabu upande mmoja tu wa ile karamu: kwamba mkwe aliyeingizwa anaweza kumkabili mama mkwe. Alisahau kwamba mama mkwe naye, kuanzia siku ile, anaweza kumtuma. Na kazi ya kwanza anayotumwa mkwe haikataliwi. Anayeikataa ameitapika karamu mbele ya ukoo, na mke wake anarudi kwao siku hiyohiyo.

"Goodson," Bwana Nkonde akasema, na sauti haikuwa tena ya upole, "ukigusa ile mulango, kazi imeisha. Unasikia? Mushahara, koti, yote."

Goodson akalivua koti, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaliweka juu ya mikono ya Bwana Nkonde pamoja na fimbo. Akaenda kibandani. Shoka lilikuwa la serikali na lilikuwa kali. Mti ulikatika kwa mapigo machache, kufuli likaanguka chini likiwa bado limefungwa. Wanawake walipiga vigelegele hadi nyani wakakimbilia juu ya mwamba, na mimi nilipiga kuliko wote.

"Nitaleta bapolisi!" Bwana Nkonde alikuwa akipiga kelele, koti mkononi. "Leo! Leo hii!"

Olipa alikuwa tayari ndani ya maji. Alitua kapu, akatumbukiza muhogo wake katika shimo la Kabwe, mmoja mmoja, bila haraka. Alipomaliza ndipo alipomgeukia.

"Ubalete," akasema. "Lakini ubaulize kwanza: bukari yenye banakulaka kila siku, banafikiri unga yake inatoka wapi?"

Bwana Nkonde alitazama mashimo, moja baada ya jingine, yote yamejaa. Hata yeye, Jumamosi kwenye karamu, alikuwa ameongezewa bukari ya mashimo hayo mara tatu.