Vichupa Vitatu vya Mafuta ya Cherehani

“Ni hizo dawa zako za madoa! Kila siku nakwambia funika ndoo, funika ndoo, unaniona kichaa!”

“Kichaa hajijui. Ashinde kwenye gundi zako tangu asubuhi, avute yale mavundo, halafu ndoo yangu ndiyo ishtakiwe? Paka wangu mimi!”

“Paka wako? Tangu lini?”

“Tangu alipoingia lango hili. Muulize mtu yeyote.”

Mtu yeyote aliyekuwapo uani Jumamosi ile mchana nilikuwa mimi, uzi mdomoni, sare ya shule ya mtoto wa watu ikining’inia mkononi na mshono mmoja. Nilikuwa nimetoka mbio kuwahi ugomvi. Sitaki kujisingizia wema, ugomvi haunipiti.

Nyumba yetu ina vyumba vingi, ila waliokuwa wakifokeana walikuwa wawili. Dobi, mwanamke wa kifua na sauti, anakaa chumba cha kwanza langoni na kamba zake za nguo zinavuka ua mzima. Fundi Viatu anakaa chumba cha mwisho, kando ya bomba. Mimi na cherehani yangu tuko katikati, na mlango wangu haufungwi: huyu kaja kupimwa, huyu kaja kuomba kiberiti, yule kaja kusikia nani kaachana na nani. Fundi ndiye aliyenibandika jina la Redio, nalo likaganda. Yeye mwenyewe ni kinyume changu. Salamu yake ni kikohozi. Miaka mitatu tunachota maji bomba moja, na hakuna aliyewahi kuona ndani kwake zaidi ya upindo wa pazia. Kiumbe pekee aliyekuwa akiingia na kutoka humo alikuwa yule paka mdogo.

Ndiyo maana nilipomwona Fundi amepiga magoti kwenye saruji, mikono yake yenye weusi wa kiwi ikimshika paka, nilisahau kicheko nilichokuwa nimekiandaa.

Paka alikuwa amelala ubavu. Mate yanamchuruzika. Ngozi ya mgongo inamcheza yenyewe, masikio yanarukaruka, miguu inapiga hewa kama anayekimbia usingizini, na macho yako wazi kabisa.

“Povu,” Dobi akamwita, sauti imeshuka ghafla. “Povu mwanangu.”

“Anaitwa Gundi,” Fundi akasema.

Mimi nilitaka kusema anaitwa Uzi, nikaona hapa si mahali pake.

Nilishindwa kuelewa. Kwamba alikuwa akizunguka vyumba, nilijua. Kwamba kila chumba kilikuwa kimemhesabu wake, hilo lilinipita, mimi ninayejua hadi nani kanunua chumvi. Mtoto wa miezi mitatu, majina matatu, na kumbe alikuwa akifungua kinywa mara tatu kila asubuhi!

“Apewe maziwa,” nikasema. “Maziwa yanakata sumu.”

“Mafuta ya kula ndiyo,” Dobi akasema. “Kijiko kimoja tu, atapike.”

“Nimesikia hata mkaa uliosagwa.”

“Na yai bichi.”

Fundi aliinua kichwa. “Mnajua, au mnasema?”

Maisha yangu yote nimesema, kujua sijawahi kudaiwa. Dobi naye alikwishaleta maziwa, na kabla hatujamzuia alimtia kijiko mdomoni. Paka alikohoa, maziwa yakamtokea puani, akatetemeka maradufu. Fundi alikipiga kijiko kile kikaruka hadi kwenye mfereji.

“Redio,” akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza aniite bila kejeli, “wewe unajuana na dunia nzima. Nani anatibu paka?”

Hapo angalau nilikuwa na la kufaa. Daktari wa mifugo, yule wa ghorofani juu ya duka la chakula cha kuku, koti lake jeupe nilimshonea mimi. Nikapiga simu, nikaifungulia sauti, tukainama wote watatu juu yake.

“Msimpe kitu mdomoni,” Daktari alisema. “Si maziwa, si mafuta, hata maji. Anayetetemeka hivyo hamezi vizuri, kitamwingia mapafuni. Mfungeni kwenye nguo kavu asipate baridi, mje sasa hivi. Na mje na kila alichopewa leo, kula au kupakwa. Kila kitu. Aibu iacheni nyumbani.”

Fundi aliingia kwake, pazia likarudi nyuma yake kama kawaida, akatoka na boksi la viatu. Akalitoboa matundu kwa sindano yake nene, taratibu, yamepangana kama mshono wa raba. Dobi akavuta shati kwenye kamba.

“La nani hilo?” nikamuuliza.

“La mtu. Anayo mengine.”

Kabla ya kuondoka kila mmoja alirudi chumbani kwake mara moja. Nami nilirudi kwangu, nikatia kitu mfukoni. Sikuwauliza wenzangu wamechukua nini. Njiani Fundi alitangulia na boksi kama aliyebeba mayai, Dobi akimfuata kisogoni: “Akifa huyu, Fundi, mimi na wewe basi!” Nikaona tu midomo yake ikienda. Alikuwa akizungumza na boksi.

Daktari alimlaza paka mezani, akamsikiliza kifua, akainua macho.

“Wa nani?”

“Wangu,” tukasema.

Akatutazama mmoja mmoja. “Haya. Nani kampa nini?”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema wakiwa watatu aanze nani kuumbuka. Daktari akainama, akanusa manyoya ya shingo.

“Huyu ananukia dawa ya viroboto.”

Dobi ndiye aliyevunjika kwanza. Aliingiza mkono kifuani akatoa kichupa. “Nilimpaka asubuhi na mapema. Shingoni. Tone tu, Daktari.”

Fundi aligeuka akakitazama kile kichupa. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akaweka mezani kichupa kingine, pacha wa kile. “Saa nne. Mgongoni.”

Mkono wangu ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. Nilikitoa cha tatu. “Kama saa sita. Kichwani na tumboni.”

Vichupa vitatu vya mafuta ya cherehani, vile vyenye mdomo mrefu mwembamba.

“Vinauzwa wapi hivi?” Daktari akauliza.

Haviuzwi na dawa ndani. Katika nyumba yetu mwenye vichupa vya namna ile ni mmoja, na watu wawili walikuwa wakimtazama.

Ikabidi niseme. Wiki ile Dobi alinilalamikia viroboto wanarukia mashuka ya wateja. Fundi, ambaye halalamiki, nilimwona akijikuna miguu. Mlinzi wa nyumba ya pili alikuwa amemaliza kumwogesha mbwa wa bosi wake, akanipa dawa iliyobaki. Nikaigawa kwenye vichupa vyangu vitupu, na kila niliyempa nilimnong’oneza: “Hii nimekuwekea wewe peke yako. Usiseme, wengine watanuna.” Ndivyo nilivyo. Napenda kila mtu aone yeye ndiye kipenzi changu. Mara moja tu maishani nimetunza siri, na tazama ilikotufikisha.

“Ya mbwa,” Daktari akasema, akikisoma kipande cha karatasi ya dawa ile, kilichobaki mfukoni mwangu. “Mbwa anaivumilia. Paka hawezi, mkubwa kwa mdogo. Na huyu kapakwa mara tatu.”

Alimchoma sindano ya kutuliza mitetemo, akangoja kidogo, kisha akataka aoshwe. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, si ya moto, si ya baridi. Dobi aliyapima kwa kiwiko, akamsugua taratibu kama nguo ya hariri ya mteja mkali, akamsuuza mara nne, na muda wote machozi yalikuwa yakimdondokea karaini. Mimi nilishika taulo. Fundi alishika kichwa cha paka.

“Atabaki hapa, nimtundikie maji,” Daktari akasema. “Siahidi kitu. Kadi niandike jina la nani?”

Dobi alifungua mdomo. Fundi akamwahi, akanionyesha kwa kidevu. “Andika huyu.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Alichukua boksi lake tupu akashuka ngazi.

“Shoga,” Dobi akaninong’oneza tulipofika chini, “kakuhukumu au kakusamehe?”

“Sijui.”

“Si umuulize.”

“Muulize wewe.”

Hakuna aliyeuliza. Jumapili nilifunga mlango wangu, jambo ambalo watu walidhani ni msiba. Waligonga, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe nilishona mkono wa kulia kushoto, nikafumua, nikaurudisha kushoto tena. Kama jina langu ndilo lililo kwenye kadi, basi akifa ni wangu. Akipona je? Nililigeuza hilo kila upande, lisitoe pindo wala mshono.

Jumatatu mchana simu ikalia. “Kasimama,” Daktari akasema. “Kala. Njoo umchukue.”

Nilikuta boksi la viatu limewekwa mlangoni kwangu. Nani kaliweka, na kajuaje, sikuelewa. Nikaenda nalo.

Nilirudi na paka mwembamba, mguu mmoja umenyolewa, anajikongoja lakini hatetemeki. Nilipovuka lango ndipo niliposimama. Nimpeleke wapi? Kwa Dobi palikuwa kimya. Kwangu palikuwa pamefungwa. Niliweka boksi katikati ya ua, nikafungua kifuniko.

Alinyoosha shingo, akaunusa ua, akatoka. Alipita kamba za Dobi. Alipita mlango wangu bila hata kuutazama, na sitadanganya, iliniuma. Akaenda akiyumba hadi chumba cha mwisho, akapenya chini ya pazia.

Nilimfuata, nikaishia kizingitini.

“Fundi,” nikaliambia pazia. “Daktari kasema chakula laini, kidogo kidogo. Na alishwe na mtu mmoja tu.”

“Mtu gani?”

“Hakusema.”

“Kadi ina jina la nani?”

“Langu.”

“Basi sema wewe.”

“Alishwe hapa,” nikasema. Kisha likanitoka: “Fundi, kwa nini uliniandikisha mimi?”

Kijiko kiligonga sahani. “Habari yoyote ingekuja kwako kwanza. Na wewe habari hulali nayo. Akifa, akipona, tungesikia.”

“Sasa hayo ni matusi au ni msamaha?”

Alikohoa. Kutoka humo humo ndani nikasikia kicheko kilichobanwa, na kicheko kile nakijua kama mlio wa cherehani yangu. Dobi! Kaingia saa ngapi? Nani kamkaribisha? Mimi nilikuwa wapi?

“Fundi, huyo naye—”

Pazia likavutwa, likavutwa lote. Kulikuwa na kitanda, rafu ya viatu visivyo na wenyewe, mkeka, Dobi kakaa juu yake miguu kainyoosha, paka mapajani, na sahani tatu.

“Redio,” Fundi akasema, “vua viatu uingie. Njoo ule, chakula kinapoa.”