Barua ya Pasta Aliyekuwa Mazishini

Kasiva, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa mwandishi mashuhuri wa barua za uongo katika bweni lake. Kwa kalamu yake wenzake walikuwa wameruhusiwa kwenda kung'olewa meno yasiyouma, na kuwazika nyanya waliokuwa hai wakichunga mbuzi. Kwa hiyo mama yake, Kalekye, alipomtuma akaombe barua ya utambulisho kwa pasta wao pale Mutomo, naye akaambiwa pasta yuko mazishini hadi siku mbili zipite, hakuona sababu ya kurudi mikono mitupu.

Barua ilitakiwa Mukuyuni. Kalekye alikuwa amepata kazi ya upishi katika shule moja huko, aanze Jumatano. Nyumba iliyokuwa wazi karibu na shule ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya mzee Munyao, mzee wa kanisa, ambaye hakumpangisha mtu bila barua ya pasta wa kule alikotoka. Bila barua hapana nyumba, na bila nyumba hapana kazi.

Kasiva aliketi nyuma ya duka moja, akakohoa kama pasta, akaandika:

"Dada Kalekye, tangu aokoke, hajamkaripia hata mbuzi. Ameongoza kwaya yetu miaka tisa, na sauti yake imewarudisha wengi zizini. Binti yake ni mpole kama maji ya mtungini."

Hapo kwa binti alisita kidogo, kwa unyenyekevu. Kisha akatia sahihi na kufunga bahasha. Mama hakuifungua, kwani barua ya pasta haifunguliwi na anayeibeba.

Jumamosi mzee Munyao aliisoma kibarazani kwake, akavua kofia.

"Mama Kasiva, ufunguo huu hapa. Barua nayo itasomwa kesho kanisani, kama ilivyo desturi."

"Asante sana, mzee."

Kasiva aliitupia macho barua mkononi mwa mzee. Hata kwao barua za wageni zilisomwa kanisani. Tatizo ni kwamba zilisomwa wakati wa matangazo, na wakati wa matangazo yeye alikuwa na mazoea ya kulala.

Jumapili Kalekye alisimama mbele katika gauni lake la kahawia huku sifa zikisomwa. Ilipofika miaka tisa ya kwaya, akina mama walipiga vigelegele.

"Basi dada atuongoze wimbo mmoja!" mmoja akapaza sauti.

Kalekye hakujua kuimba. Nyumbani, akikoroga muthokoi wa mahindi na maharagwe, alijivumia nyimbo ambazo hata mtunzi wake asingezitambua, na Kasiva alikuwa akimtania, "Mwaitu, mama yangu, utatufukuzia majirani!" Sasa mama alimtazama binti yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Kisha akafungua kinywa, akaimba.

Mtoto mmoja alicheka, halafu benchi zima. Mama akaendelea kuimba.

"Mwaitu, nyamaza!" Kasiva alikuwa amesimama bila kujua. "Barua niliandika mimi. Pasta hakuwepo."

Kalekye alimwendea mzee Munyao, akamnyooshea ufunguo.

"Nisamehe, mzee."

"Wewe hukuiandika, mama."

"Lakini niliibeba."

Munyao aliupokea. "Nitangoja hadi Jumanne," akasema. "Aliyeandika ya kwanza akalete ya pili."

Kasiva alirudi Mutomo peke yake, akamweleza pasta yote, hata yale ya mbuzi. Pasta hakucheka. Aliandika kidogo, akaiacha bahasha wazi.

"Hii isome," akamwambia. Barua ilisema:

"Namjua Kalekye miaka ishirini. Hajui kuimba. Ndiye tunayemwachia ufunguo wa kanisa."

Kasiva, bingwa wa sifa, aliisoma mara tatu njiani na hakuona pa kuongeza neno. Haya yote aliyajua hata kabla hajashika kalamu.

Jumanne mzee Munyao aliisoma, akaikunja, akampa Kalekye ufunguo.

Nyumba ilikuwa nzuri: vyumba viwili, tangi la maji, bati lisilovuja. Jioni hiyo Kalekye alikoroga muthokoi bila kujivumia wimbo. Kasiva alichutama kando yake, akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

"Mwaitu, imba kidogo."

Mwiko ulizunguka sufuriani.

"Niletee chumvi," mama akasema.

Kasiva akaleta chumvi, akakaa tena, akangoja.