Wiski ya Posa

Elkanah, mhudumu wa baa katika hoteli moja Diani, alikuja kwetu Kinango kuniposa. Badala ya pombe ya mnazi alileta wiski, akaomba asali ya mama na ndimu, akavikoroga mbele ya wazee huku akitueleza kwamba sisi watu wa huku bara hatujui kunywa.

Kwetu pombe ya posa haionjwi mpaka binti aulizwe kama inywewe, maana kuinywa ni kuikubali posa. Elkanah akachovya mrija, akaonja, akajisifu, kama afanyavyo kazini.

Baba akanigeukia. "Rispah mwanangu, tuinywe?"

"Baba, mwachie aimalize mwenyewe," nikasema. "Ameshaanza bila kuniuliza."