Ng'ombe wa Pembe Moja na Nusu

Mpimaji wa maabara alifika kazi ikiwa imepamba moto, mashine ya kusagia nyama inanguruma na Mama Soseji ameloa jasho mgongo mzima. Zamani wapimaji walikuja alfajiri, kabla kisu hakijagusa nyama, wakapangusa meza iliyokauka, wakaenda zao. Kanuni mpya iliwataka waje watu wakiwa kazini, wapanguse meza kwa pamba na wachukue kipande cha nyama mbichi. Kiwanda kidogo kitakachokutwa na vijidudu kupita kiasi kifungwe. Wenye viwanda wenzake walikuwa hawalali. Mama Soseji alisogea pembeni kidogo tu, apishe.

"Pangusa, mwanangu. Hata chini ya meza pangusa."

"Chini si lazima, mama."

"Najua si lazima. We pangusa."

Meza ile alikabidhiwa na mama mkwe wake, aliyeanzisha kazi ya soseji kabla macho hayajafifia, na ambaye sasa alikaa mlangoni kusikiliza kama maji yamechemka sawasawa. Bibi huyo alitangaza mtaa mzima kwamba mke wa mwanawe ni msafi kumshinda yeye, na hakuwa mtu wa kusifia ovyo. Kiwanda kikifungwa, kazi ya wanawake hao wawili ingeishia hapo.

Kule maabara, sampuli ziliwekwa kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Kisahani cha meza hakikuota kitu. Cha nyama kiliota, tena kwa unadhifu. Vijidudu vilijipanga vikafanya kichwa cha ng'ombe ndani ya duara, na kando yake jina la machinjio kwa herufi za kusomeka bila miwani. Pembe ya kushoto ilikuwa imekatika nusu. Ulikuwa ni muhuri uleule ambao machinjio makubwa ya mji yaligonga kwenye kila nyama, nao ulivunjika pembe siku ulipodondoka sakafuni. Mpimaji alirudia kipimo. Ng'ombe akaota tena, safari hii ametoa ulimi.

Akampelekea Mama Soseji kisahani akione.

"Huyu namjua," akasema Mama Soseji, huku anajifuta mikono. "Huja na lori kila asubuhi."

"Idadi imezidi, mama. Itabidi tufunge."

"Ufunge wapi? Mwenyewe ameshataja kwao. Nenda kwao!"

Mpimaji alikuwa binti mwenye adabu, akaeleza huku anatazama chini. Machinjio makubwa hujipima yenyewe, na kila yakijipima hujikuta safi. Kanuni inauliza idadi, haiulizi umbo. Alichoweza ni kurudi kupima mara nyingine kabla ya kufunga.

Machinjio mengine ya kununua nyama hayakuwapo mjini. Mama mkwe akaomba kisahani, akapapasa kifuniko kwa kidole mpaka akaifikia pembe.

"Ndiye," akasema. "Enzi zangu alikuwepo, ila hakuna aliyempima." Akacheka hadi akapaliwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Soseji hakuitia nyama mashineni. Alichemsha sufuria kubwa, akachovya kila pande, akakata ngozi ya juu yote iliyobadilika rangi. Ng'ombe akabanduka mzimamzima, duara na maandishi yake, akaelea juu ya maji amenuna. Mama Soseji akammwaga sakafuni, akamfagia kwa fagio la chelewa hadi kwenye mfereji. Nyama ilipungua, mikono ikababuka, lakini alirudia hivyohivyo kesho yake na siku zote zilizofuata.

Kipimo cha pili kilipotoka, visahani vyote viwili vilikuwa vyeupe. Mpimaji alileta kibali mwenyewe badala ya kukituma, akakisoma kwa sauti mlangoni, na majirani wakapiga makofi. Mama Soseji alijaribu kukaza uso, akashindwa, akatabasamu meno yote nje.

"Nilisema mimi!" mama mkwe akawaambia majirani. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, bibi."

Kabla wiki haijaisha, meneja wa machinjio alitundika bango getini, juu ya mfereji uleule: *Nyama yetu imepimwa kwa Mama Soseji. Ni safi.* Lilikuwa bango zuri, lenye picha ya ng'ombe wa pembe mbili kamili. Mpimaji alilipiga picha akaipeleka kwa wakubwa wake, nao wakamjibu kwamba hizo ni habari njema.

Mama Soseji alilisoma bango akiwa na ndoo mkononi. "Makubwa!" akasema, akarudi kwake. Lori lilikuwa limeshafika. Akachemsha maji, akachovya, akakata, akashika fagio. Ng'ombe akatelemka mfereji akizungukazunguka, pembe moja na nusu mbele, akapita chini ya bango lake.

"Katoka?" mama mkwe akauliza.

"Katoka, mama."

"Haya. Weka nyama mashineni."