Spika za Ukoo Mzima

Nasibu aliitazama safu ya spika barazani kwa shemeji yake, mdomo ukajipinda wenyewe. Zilikuwa nane. Nyingine za mbao iliyovimba kwa mvua, nyingine za plastiki zenye taa za rangi, moja wavu wake umechanika ukazibwa kwa kipande cha kanga. Katikati ya takataka hiyo ilikaa amplifaya yake, aliyoipakata njia nzima toka Kihonda hadi hapa Mkuyuni kama mtoto mgonjwa.

Asingekuja nayo kama si Mwanvita. Binti yake alikuwa ndani akichezwa unyago, na kabla hajaingia aliomba kitu kimoja tu: siku ya kutolewa, akibebwa mabegani kuvuka kizingiti, wimbo anaoupenda ulie kwenye muziki wa baba. Nasibu akaahidi.

Kwao Tabora shughuli ya binti ina baba. Huku kwa Waluguru, alikokuja kuoa kwa hiari yake, mwali ni wa ukoo wa mama na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba mwenyewe ndiye Abdulswamad, kaka wa mkewe Asha, mchuuzi wa ndizi mwenye sauti ya mnadani na akili, kwa kipimo cha Nasibu, isiyojaza kisoda.

"Mashine yako ina wati ngapi, shemeji?" Abdulswamad aliuliza.

"Mia kila upande."

"Mia?" Alimwangalia kwa huruma. "Sabufa langu limeandikwa elfu tatu."

Limeandikwa. Nasibu alimeza mate. Mtu mzima na ndevu zake anaamini stika.

"Na hizi spika zote za nini?"

"Za ukoo. Kila nyumba imeleta yake. Ya mama mkubwa Regina isipolia, atasema nimemrudishia chakula chake."

Basi mjomba mtu akashika waya zote nyekundu za upande mmoja, akazisokota pamoja, akazichomeka tundu moja. Nyeusi vivyo hivyo. Nne kulia, nne kushoto. Nasibu alizigeuza spika moja moja akasoma mgongoni. Zote ohm nne, na amplifaya yake haitaki mzigo wa chini ya hapo. Spika moja ingeimudu. Nne zikiungwa sambamba namna ile, kila moja inafungua njia yake ya umeme, mashine inajikuta inalisha ohm moja tu, na itamwaga umeme mpaka iungue. Dawa yake haikuwa ngumu. Uzifunge mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo ndizo uziunge sambamba, mzigo unarudi ohm nne, zote nane zinalia na hakuna wa kununa. Chai isingepoa kabla hajamaliza.

Akafungua mdomo.

"Shemeji, kaa upumzike," Abdulswamad alisema bila hata kugeuka. "Wewe leo mgeni."

Wanaume waliokuwa mkekani wakacheka. Nasibu akaufunga mdomo wake, akavuta kiti, akakunja nne. Haya, aunge. Aumbuke mbele ya ukoo wake, na spika zake za kanga. Raha ya wazo hilo ilimpanda mpaka kichwani.

Walipojaribu, mashine ilisema tak, ikakata, taa nyekundu ikawaka. Ilikuwa inajikinga. Abdulswamad akatangaza kuwa ni joto, akaielekezea feni, akaiwasha tena kwa sauti ya chini. Nasibu alitabasamu peke yake.

Asha akapita na sinia la pilau, akasimama. "Baba Mwanvita, kuna tatizo kwenye muziki?"

"Muulize kaka yako. Ndiye mwenye shughuli."

Saa ikafika. Mlango ukafunguliwa, wimbo ukaanza, na Abdulswamad akakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Baraza lilitetemeka kidogo tu. Kisha ukaja mkwaruzo, harufu ya waya iliyoungua, halafu kimya. Mwanvita alikuwa mabegani, nusu ndani nusu nje, ameinamisha uso kama alivyofundwa. Akauinua kuutafuta muziki.

Wanawake hawakumwacha aning'inie pale. Wakaudaka wimbo kwa vigelegele na makofi, wakamtoa, wakamketisha mkekani. Abdulswamad naye hakuumbuka hata chembe. Aliigonga amplifaya kwa kidole, akacheka.

"Vya mjini hivi. Si niliwaambia ina wati mia tu? Shemeji katuletea kimeo."

Baraza zima likaangua kicheko, na mama mkubwa Regina akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kimeo. Neno hilo lilimchoma Nasibu kuliko kile kicheko. Akasimama.

"Mashine yangu haina kosa," alisema, sauti ikimpanda. "Ninyi hamjui mnachokiunga. Spika nne za ohm nne kwa pamoja, nani kawafundisha? Mimi niliona tangu asubuhi kwamba itaungua. Ilipokata mara ya kwanza nikajua imebaki kidogo. Ni kugeuza waya tu, kazi ya dakika chache, mjinga yeyote angeweza."

Aliwatazama mmoja mmoja, akingoja waone. Hakuna aliyecheka tena. Hata Abdulswamad aliinama kuzitazama zile waya, na Nasibu akahisi kifua kinamjaa fahari.

Asha aliweka sinia chini.

"Nilikuuliza," alisema taratibu. "Nilisimama hapo ulipo nikakuuliza."

Nasibu akageuka kwa binti yake. Mwanvita hakumtazama. Alimvuta mjomba wake shati, akamnong'oneza, na Abdulswamad akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akapiga goti, akampandisha mabegani, akaelekea naye mlangoni.

"Anaomba atolewe upya, mama zangu," alisema. "Kwa midomo yenu. Muziki wa baba hautaki tena."