Kahawa ya Kumtakia Heri Byabato

Byabato aliijua mito yote mikubwa ya Afrika, mpaka siku watu walipoanza kumtakia heri.

Enzi hizo za Mwingereza, kufika darasa la nane hakukuwa mchezo. Mtihani wa serikali ulikuwa umebakiza wiki moja, pale Kashozi. Aliyefaulu aliendelea na darasa la tisa, aliyefeli alirudi migombani. Baba yake, Karugendo wa Izimbya, alikwisha kutangaza kwenye kila kilabu cha pombe kwamba mwanawe atakuwa karani. Alijitangazia mapema mno, maskini, kama mtu anayealika harusi kabla ya kuposa.

Kijana alikaa kwa shangazi yake, Theopista, karibu na shule. Na sisi Wahaya tunajijua. Kila aliyepita kumtakia heri alitoa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, akatafuna naye. Tunaiita akamwani, na kukataa ya mtu ni kumwambia hamna undugu. Byabato hakukataa. Alitafuna ya katekista, akatafuna ya majirani, akatafuna na ya dada yake aliyeolewa Muleba, ambaye alituma kikapu kizima.

Basi kichwa kikaanza mambo yake. Akifanya hesabu za sehemu, mto Zambezi unapita katikati ya namba. Akishika kalamu, mkono unatetemeka. Moyo ulimwenda mbio hali ameketi, na usingizi ukamhama kabisa. Alichanganyikiwa. Ni woga huu? Ni ujinga uliojificha miaka yote ukingoja darasa la nane? Au ni jicho la mtu, kama alivyonong'ona jirani? Kila jibu alilolishika lilionekana la kweli mpaka alipolishika jingine.

"Amekonda," shangazi alisema kwa wasiwasi. "Anahitaji nguvu." Akamwongezea kahawa.

Siku moja kabla ya mtihani, Mwalimu Ndyamukama alimwona akimwaga wino mezani, akamwita kando.

"Unalala?"

"Silali, mwalimu. Nadhani nina wazimu."

"Kahawa je, unatafuna ya nani?"

Byabato alifikiri. "Ya kila anayenipenda, mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia kwamba woga wa mtihani kila mtu anao, ila kahawa ndiyo inayoupandisha kichwani. Aiache leo hii, ale ashibe, atembee kidogo, alale. Kusema ni rahisi.

Jioni ileile Karugendo aliwasili kwa baiskeli kutoka Izimbya, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata hajakaa vizuri, akafungua kifurushi cha jani kavu la mgomba.

"Hii nimeichemsha mwenyewe," alisema, akanyoosha kiganja. "Tafuna, mwana wange."

Byabato alikitazama kile kiganja. Akitafuna, kesho Zambezi utapita tena katikati ya namba. Asipotafuna, amemkataa baba mbele ya shangazi. Akili ilikuwa imechoka, haikumpa shauri lolote, na mdomo ukasema wenyewe.

"Tata, sitatafuna. Ndiyo inayonivuruga. Naomba unisamehe."

Shangazi alitazama chini. Karugendo hakurudisha mkono. Aliuacha vilevile, wazi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa habari kwa lugha asiyoijua. Byabato aliumia moyo karibu alie.

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Na moyo wangu pia." Akauchukua mkono wa pili wa baba, akauweka kifuani pake.

Karugendo aliusikiliza moyo ule kwa muda mrefu.

"Kahawa yangu hairudi Izimbya," alisema mwishowe, akaitia yote mdomoni mwake. Kisha akachukua kigoda akakaa mlangoni. Kila mgeni aliyeleta kahawa ya Byabato, Karugendo aliipokea kwa heshima, akaitafuna yeye.

Byabato alilala.

Asubuhi alimkuta baba palepale kigodani, macho mekundu. Karugendo alisimama amfunge kifungo cha shati, lakini vidole vilitetemeka, kifungo kikamponyoka, akajaribu tena, kikamponyoka.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa wiki nzima?" aliuliza.

"Ndiyo, Tata."

Baba alishusha mikono. "Na bado ulikuwa unasoma," alisema.

Byabato akafunga kifungo mwenyewe, kwa mkono uliotulia, akaenda kwenye mtihani.